Dawa ya Picha: Kutoka Vienna hadi Mbarara

Novemba 1895, Wilhelm Röntgen aligundua eksirei. Januari iliyofuata, Haschek na Lindenthal wa Vienna walisukuma mchanganyiko wa chokaa na zebaki kwenye mishipa ya mkono usio na uhai, na mishipa yote ikajitokeza pichani. Lakini dawa ile ingemuua mtu aliye hai. Tangu hapo wataalamu wakawa na maswali mawili: tutie dawa gani, na tuitie vipi?

Mashine ya eksirei ilifika Uganda mwaka 1907, katika hospitali ya Mengo ya daktari Albert Cook. Ilionyesha mifupa, lakini figo na mishipa ya damu vilibaki gizani. Mwaka 1927 Egas Moniz wa Lisbon aliipiga picha mishipa ya ubongo, lakini ilimbidi kwanza apasue shingo ya mgonjwa. Miaka miwili baadaye Moses Swick, akiwa Berlin, aliionyesha figo kwa dawa ya iodini iliyodungwa kwenye mshipa wa kawaida wa mkono. Kulikuwa na misiba pia: dawa iitwayo Thorotrast ilitoa picha safi, ikabaki mwilini na mionzi yake, na miaka mingi baadaye ikaleta saratani ya ini. Mwaka 1953 Sven-Ivar Seldinger alionyesha kwamba sindano, waya na mrija mwembamba vinatosha kuingia kwenye mshipa bila kupasua.

CT, mashine inayopiga picha za mwili kipande kwa kipande kwa eksirei, ilipoanza kupima wagonjwa mwaka 1971, kasi ya kusukuma dawa ikawa na uzito mpya. Anayesukuma kwa mkono huhisi mshipa ukikataa, na husimama mara ngozi inapovimba. Ila kasi yake hupanda na kushuka. Pampu husukuma mililita 3 hadi 5 kwa sekunde bila kuyumba, jambo la lazima inapotafutwa damu iliyoganda kwenye mapafu ya mgonjwa. Kanula, yaani mrija mdogo ulioachwa mshipani, ikiwa imechomoka, pampu hiyohiyo huijaza nyama dawa kwa sekunde chache. Ndiyo maana huwekwa kanula ya ukubwa unaotambulishwa kwa rangi ya waridi kwenye mkunjo wa kiwiko, ikajaribiwa kwanza kwa maji ya chumvi.

Nchini Uganda, mgonjwa wa kituo cha afya cha Bwizibwera, au wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950, akihitaji picha ya aina hii hupewa rufaa kwenda mjini Mbarara. Huenda anazungumza Kinyankole, Kinyarwanda, Kisomali au Kiswahili cha Kongo. Kabla ya sindano ni lazima aulizwe: dawa iliwahi kukudhuru? Figo zina shida? Una mimba? Aambiwe pia kwamba joto litamwenea mwilini na atahisi kama anajikojolea, asije akashtuka na kutikisika picha ikapotea. Pampu nzuri haiwezi kuuliza maswali hayo. Hospitali inayonunua pampu bila kuajiri mkalimani imenunua nusu ya usalama.