Boma la Biharamulo

Umesimama kilimani, na si kwa bahati. Wajerumani waliojenga boma hili kati ya 1902 na 1905 walitaka kumwona anayekuja kabla hajabisha hodi. Mji ukakua chini ya kuta zake.

Lakini nchi ilikuwa na wenyewe. Hii ni Rusubi, nchi ya Wasubi, ambayo wageni wa zamani waliiandika "Usui". Mwaka 1861 Mwingereza Speke, akiwa njiani kutafuta chanzo cha Nile, alicheleweshwa na mtawala wa Rusubi, Suwarora, mpaka alipe hongo. Enzi hizo mgeni alilipa kwanza!

Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Biharamulo. Baadaye ikatawaliwa na Waingereza. Magharibi ni Ngara na Murusagamba, kuelekea Burundi.

Tafadhali usipande ukutani.