Ziwa Lililoambiwa Halitoshi

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Miaka minne baadaye, nyavu za kitani zilizofumwa Ulaya zilitegwa kwa mara ya kwanza katika Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Kabla ya hapo wavuvi walitumia migono, ndoana, nyuzio za matete kwenye midomo ya mito, na kokoro za mafunjo zilizovutwa ufukweni kwa nguvu ya kijiji kizima. Zana hizo zilihitaji watu wengi, na kila mmoja alirudi nyumbani na fungu lake. Wavu mpya haukuhitaji kijiji. Ulisimama majini usiku kucha, na alfajiri ulikuwa umejaa ngege, perege wa asili wa ziwa hili, mnono na mtamu, aliyependwa kuliko samaki wote.

Nairobi ilikuwa na njaa ya samaki na treni ilikuwepo ya kuwapeleka. Aliyeweza kununua wavu mmoja alinunua, aliyekuwa na mmoja akatafuta wa pili. Haikuchukua miaka ishirini kabla wavuvi wa ghuba hiyo hawajaanza kurudi na samaki wachache mno ikilinganishwa na walivyozoea, wakalazimika kwenda mbali zaidi.

Serikali ya kikoloni ilimleta mtaalamu, Michael Graham, aliyelizunguka ziwa mwaka 1927 na 1928. Ushauri wake ulikuwa rahisi: nyavu zisiwe na matundu chini ya inchi 5, ili ngege wapate kuzaa kabla ya kuvuliwa. Alionya pia kwamba kumleta samaki mkubwa mla nyama kutoka ziwa jingine, pasipo utafiti wa kina, ni hatari kubwa. Sheria ya matundu ilipitishwa ikasimamiwa kwa ulegevu. Ngege walipozidi kupungua, wavuvi walikimbilia nyavu za matundu madogo zaidi, na miaka ya 1950 zikaingia za nailoni, nyepesi na zisizooza. Mwaka 1956 Uganda iliiondoa sheria ile, na Kenya ikafuata.

Ningu, samaki mwingine wa ziwa hili, alipotea kwa namna ya kusikitisha zaidi. Huyu hupanda mito mvua zinapoanza, akataga mayai kwenye maji ya mafuriko, kisha akarudi ziwani. Zamani nyuzio za matete zilimpunguza lakini hazikummaliza. Nyavu zilipotegwa kwenye midomo ya mito, alinaswa akiwa na mayai tumboni. Uvuvi wake uliporomoka, na haujawahi kurudi ulivyokuwa.

Mtu angetarajia kwamba hapo swali lingekuwa namna ya kuwapa ngege na ningu nafasi wapate kuongezeka. Maofisa wa uvuvi waliuliza jambo jingine: ziwa lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800 linawezaje kuwa maskini kiasi hiki? Jibu walilojipa ni kwamba lilikuwa limejaa samaki wasio na faida.

Samaki hao ni furu. Wengi hawazidi urefu wa kiganja, na wana mifupa mingi. Lakini zilikuwapo zaidi ya aina 500 zao, karibu zote zisizopatikana kwingine duniani, na wataalamu wengi wanaamini zilichipuka katika muda wa miaka 15,000 hivi tangu ziwa lilipokauka na kujaa tena. Wako waliokwangua mwani kwenye miamba, waliovunja konokono kwa meno, waliokula mbu wachanga wa majini, na hata waliomvizia mama wa furu mwingine wamnyang'anye mayai anayoyaatamia mdomoni. Utafiti uliofanywa kati ya 1969 na 1971 ulionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wote wa chini ya ziwa ulikuwa wa furu.

Kwa maofisa hawa walikuwa samaki takataka. Kwa kaya za mwambao walikuwa kitoweo cha kila siku. Mama aliwanunua kwa fungu, akawaanika juani bila kuni wala chumvi nyingi, akawaweka. Baganda, ambao huwaita nkejje, waliwakausha na kuwapa watoto wenye surua na waliodhoofu kwa utapiamlo. Hayo hayakuingia kwenye vitabu vya hesabu, kwa kuwa furu hakusafirishwa kwa treni wala hakulipiwa ushuru. Na hapa ndipo kosa lilipoanzia: waliolipima ziwa walihesabu kilichouzwa mbali, wakakiita kilichobaki sifuri.

Mpango ulikuwa kumleta sangara, samaki mkubwa mla nyama, kutoka Ziwa Albert awale furu, ageuze takataka kuwa minofu. Mjadala ulikuwa mkali. Geoffrey Fryer, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Jinja, aliandika mwaka 1960 akipinga: kila samaki anapomla mwenzake sehemu kubwa ya nguvu hupotea, kwa hiyo mla nyama hawezi kulipa uzito wote wa aliowala. Mjadala ulikuwa umeshapitwa. Ushahidi uliojitokeza baadaye unaonyesha kwamba watumishi wa idara ya uvuvi ya Uganda walianza kuwamwaga sangara ziwani kimyakimya tangu mwaka 1954. Mwaka 1962 na 1963 wengine walitiwa hadharani, Entebbe na Kisumu.

Kwa karibu miaka 20 hakuna kilichoonekana kubadilika. Katikati ya miaka ya 1970 Mwanza ilijengewa hata kiwanda cha kusaga furu kuwa chakula cha mifugo. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sangara walifumka. Watafiti wa Kiholanzi waliokuwa wakiwaorodhesha furu wa Ghuba ya Mwanza walishuhudia aina moja baada ya nyingine zikitoweka kwenye nyavu zao ndani ya miaka michache. Inakadiriwa kwamba aina 200 au zaidi zimepotea. Sangara hakuwa peke yake: mbolea na udongo uliotiririka kutoka mashambani viliyarutubisha maji, mwani ukatanda, na kilindini hewa ikapungua.

Haki itendeke kwa sangara pia. Samaki waliovuliwa ziwani waliongezeka kutoka tani 100,000 hivi kwa mwaka katika miaka ya 1970 hadi kama 500,000 kufikia 1990, kinyume na hofu ya Fryer. Viwanda vya minofu vilijengwa Kisumu, Musoma, Mwanza, Jinja na Entebbe. Fedha za sangara ziliezeka nyumba kwa bati na kulipa karo. Anayedai hazikumnufaisha mtu hajatembea visiwa vya Ukerewe.

Lakini mama wa fungu la furu alitolewa kwenye biashara. Sangara ana mafuta mengi, hakauki juani. Hubanikwa, na kubanika kunataka kuni, kwa hiyo miti ya mwambao ikakatwa. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, mabondo, yaani vibofu vya hewa, yalikaushwa kwa ajili ya China, na sokoni Mwanza wenyeji waliuziwa mapanki, yaani kichwa na uti wa mgongo uliosalia mezani kiwandani. Kenya huyaita mgongo wazi.

Ongezeko lenyewe halikudumu. Sangara wakubwa walipoadimika, nyavu zilibana tena matundu, ileile njia iliyommaliza ngege. Nchi za ziwa ziliweka kanuni kwamba sangara wa kuvuliwa awe kati ya sentimeta 50 na 85, na mwaka 2018 Tanzania iliendesha Operesheni Sangara, nyavu haramu zikachomwa. Kati ya furu waliosalia, baadhi wameanza kurudi pale sangara walipopungua. Ngege wa asili bado wapo Ziwa Kanyaboli, ndani ya kinamasi cha Yala huko Siaya, ambako sangara hajafika. Kinamasi hicho nacho kimekwisha kukatwa vipande kwa ajili ya mashamba makubwa.

Leo samaki anayeongoza kwa uzito wa wanaovuliwa katika Ziwa Victoria ni dagaa. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, huliwa mzima na mifupa yake, na magunia yake hutoka soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, hadi Kongo, Rwanda na Burundi. Anachukua nafasi aliyoiacha furu: ni nafuu, anakauka juani, na anauzwa kwa kopo na wanawake. Sehemu kubwa yake, hasa wale wanaoanikwa mchangani, husagwa kuwa chakula cha kuku. Wanaoanika juu ya chanja za wavu hupata dagaa safi wa kuliwa na watu, kwa bei nzuri zaidi, bila kuongeza hata mtumbwi mmoja ziwani. Chanja hizo bado ni chache kwenye mialo mingi, ilhali fedha za kununulia mitumbwi na taa mpya hupatikana kila msimu.