Mandhari na Historia Zisitenganishwe: Hoja kutoka Kyimo, Rungwe

Abiria wengi wa basi la Mbeya kwenda Kyela huiona Kyimo kupitia dirishani: mikungu ya ndizi imepangwa kando ya lami, parachichi zimejaa ndoo, kisha safari inaendelea. Watalii nao hupita vivyo hivyo wakielekea ziwa Ngozi, Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira, maporomoko ya Kaporogwe au ziwa Masoko. Huko kote wanaonyeshwa uzuri wa nchi. Ni nadra kuelezwa historia yake. Hoja yangu ni kwamba upungufu huu hautokani na uvivu wa waongoza wageni, bali na jinsi tulivyogawa sheria na ofisi zinazosimamia maeneo haya.

Msitu wa Mlima Rungwe, ambao ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2009, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kitulo, iliyotangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ni ya TANAPA. Majengo ya zamani yanahusu Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na sheria hiyo iliweka mwaka 1863 kuwa mpaka: kilichojengwa kabla yake kinalindwa moja kwa moja, na cha baadaye husubiri tangazo la Waziri. Tuupime mpaka huo kwa historia ya Rungwe. Frederick Elton, balozi mdogo wa Uingereza, alipita nchi ya Wanyakyusa mwaka 1877, na Joseph Thomson akafuata mwaka 1879. Wamoravian walianzisha misheni yao Rungwe mwaka 1891. Tukuyu yenyewe iliinuka kama kituo cha Wajerumani kilichoitwa Neu-Langenburg. Yote hayo ni ya baada ya 1863. Mpaka uliofaa magofu ya Kilwa unaiacha karibu historia yote ya majengo ya mawe ya wilaya hii mikononi mwa uamuzi wa mtu mmoja.

Waingereza, waliotutawala tangu Vita Kuu ya Kwanza hadi 1961, kwao walifuata njia nyingine. National Trust, chombo kilichoundwa mwaka 1895, kilikabidhiwa kwa sheria ya 1907 jukumu la kutunza kwa pamoja ardhi yenye uzuri na majengo yenye historia. Ndiyo maana mtu wa likizo katika Lake District huteremka mlimani na kuingia Allan Bank, nyumba aliyoishi mshairi Wordsworth, akaiona kuwa sehemu ya safari ile ile. Mwaka 2017 UNESCO iliiorodhesha Lake District kwa utamaduni wake: kuta za mawe, malisho ya kondoo na fasihi iliyozaliwa humo. Sisemi tuwaige katika kila kitu. Nasema tu kwamba sisi tulirithi ofisi zilizotengana, na hatujauliza kama zinatufaa.

Tutazame Masoko kwa karibu. Ni ziwa la kreta, dogo, upana wake haufiki kilomita moja, na kando yake Wajerumani walijenga boma la mawe. Hadithi anayopewa mgeni kwanza ni ya hazina: kwamba Wajerumani walitumbukiza fedha na silaha majini walipokimbia majeshi ya Jenerali Northey yaliyoingia mwaka 1916 kutoka Nyasaland. Hadithi hiyo ina ladha yake, ila imemeza mengine yote. Hakuna anayeuliza mawe yale yalibebwa na nani. Hakuna anayesikia kwamba tope la chini ya ziwa limehifadhi kumbukumbu za hali ya hewa za zaidi ya miaka 40,000. Na samaki je? Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu samaki wa ziwa hili wanaotoka katika ukoo mmoja na perege. Wa ukingoni, ambao madume yao yana rangi ya manjano na kijani, na wa kina kirefu, ambao madume yao ni ya buluu iliyokolea, wanatengana polepole kuwa aina mbili. Utengano huo unakadiriwa kuanza kati ya miaka 500 na 1,000 iliyopita. Wanasayansi wa dunia wanaijua Masoko kwa hilo. Mtoto wa shule ya jirani anastahili kuijua hivyo pia.

Msituni mambo ni yale yale. Kima wa kipunji alitambulishwa kwa wanasayansi mwaka 2005, lakini watafiti walisikia habari zake kwanza kwa wawindaji wa Kinyakyusa, nao ndio waliotoa jina. Bango linalotaja mwaka wa ugunduzi bila kuwataja wawindaji linapotosha.

Kuna atakayepinga kwamba kuunganisha historia na mandhari kutaleta wageni mahali wasipotakiwa. Pingamizi hilo ni zito, hasa kwa Lubaga, msitu mtakatifu wa Lwembe, kuhani aliyeaminiwa kubeba mvua na rutuba ya nchi nzima, ambaye Godfrey na Monica Wilson walimwandika baada ya kuishi huku miaka ya 1930. Kuieleza Lubaga si lazima kuifungua. Kituo kimoja cha maelezo pale Kyimo, chenye ramani, picha na waongozaji waliofunzwa na idara zote kwa pamoja, kinaweza kumsimulia mgeni habari za Lwembe. Kama ataruhusiwa kukanyaga msitu wenyewe, waamue wazee wa Lubaga, na kauli yao iwekwe katika sheria ndogo za halmashauri.