Ndugu wa Zumari: Obo na Nyuzi Zake

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi wadogo zetu mlioko madarasani,

Mhariri ameniomba niandike juu ya historia. Nimechagua historia ya muziki ambao nilikutana nao Chuo Kikuu, katika kaseti ya rafiki, nao umenifuata hata katika kazi ya Serikali. Ni muziki wa obo na nyuzi.

Obo ni ndugu wa zumari la pwani. Yote mawili hulia kwa ulimi wa vipande viwili unaotetemeka midomoni mwa mpigaji. Wenzake ni fidla, viola na selo, ambazo hupigwa kwa upinde kama zeze letu. Wapigaji wanne hutosha, tena sebuleni, bila kiongozi wa kupunga kijiti.

Mwaka 1781, mjini Munich, Mozart alimwandikia mpigaji Friedrich Ramm kazi ya namna hiyo. Katika sehemu ya mwisho, kwa vipimo 13, nyuzi huenda kwa mapigo sita huku obo likienda kwa mapigo manne. Sisi tuliokulia kwenye ngoma jambo hilo halitutishi.

Katika karne iliyofuata watunzi wakubwa wengi waliliacha obo ndani ya okestra, wakaandikia fidla na piano. Aliyelirudisha sebuleni ni mpigaji mmoja wa Uingereza, Léon Goossens (1897–1988). Kwa ajili yake Bax aliandika mwaka 1922, Bliss 1927, na Moeran 1946. Mwaka 1932 Britten, kijana wa miaka 18, aliandika kazi inayoanza kwa selo peke yake, polepole, kama askari wanaokuja kutoka mbali. Huisha vivyo hivyo, wakitokomea. Kazi hizi ni nzuri, lakini hata Ulaya wengi hawazijui.

Funzo ni hili: Ramm na Goossens walipiga vizuri mpaka watunzi wakapata hamu ya kuandika. Muziki huishi pale alipo mpigaji na mtu wa kumwomba apige.

Majirani zetu wa Dodoma walimpata Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003 akiwa amelifikisha zeze kwenye majukwaa ya dunia. Huku Singida nako wamo wazee wapigaji, na nyimbo zao nyingi zimo vichwani mwao tu. Wakienda, huenda nazo.

Basi, wadogo zetu, likizo ijayo chukueni simu na daftari. Mwombeni mzee apige. Andikeni jina la wimbo, kijiji na maana yake, kisha mlete maktaba ya shule. Nasi wakubwa, mkutano ujao usiwe wa hotuba na pilau tu. Tumwalike mpigaji zeze mmoja, tumkalishe mbele, na tumlipe.

Mwanafunzi wa zamani,
Mtumishi wa Serikali