Descent, mchezo ambao wachezaji walikataa ufe

Kunako mwaka 1995, kampuni Parallax Software ya Marekani, iliyoanzishwa na Mike Kulas na Matt Toschlog, ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Descent. Mchezaji anaendesha chombo cha anga ndani ya migodi, kuanzia ile ya mwezini. Anapigana na roboti, anaokoa mateka, anaharibu mtambo wa nishati, kisha anakimbia kabla mgodi haujalipuka.

Jambo jipya lilikuwa mwendo. Chombo kinakwenda mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, tena kinapinduka pande zote. Hapo wachezaji waligawanyika: wengine walilalamikia kizunguzungu na kupotea njia, wengine walisema hakuna mchezo unaowapa uhuru kama huo.

Descent 3 ilitoka mwaka 1999, kisha kukawa kimya. Lakini maandishi ya programu ya mchezo wa kwanza yalikuwa yameachwa wazi, na wapenzi wake wakayarekebisha ili uchezeke kwenye kompyuta mpya.

Mwaka 2016 Kulas na Toschlog waliwaomba wachezaji mchango. Mwaka 2018 wakatoa Overload, wenye mwendo uleule. Kizunguzungu kilibaki, na waliokizoea ndio waliolipa ili mchezo urudi.