Mishahara katika shirika jipya la dini: Mambo ya kuzingatia

Wanaoanzisha shirika la dini nchini Kenya aghalabu hushughulikia kwanza usajili, mahali pa ibada na akaunti ya benki. Suala la mishahara huahirishwa hadi mchungaji, imamu, karani au bawabu anapoanza kudai haki yake. Hapo ndipo viongozi hutambua kwamba hata shirika lililopewa msamaha wa ushuru hulazimika kukata ushuru katika mishahara ya wafanyakazi wake.

Mashirika mengi ya ibada husajiliwa na Msajili wa Vyama chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutekelezwa Mei 2024, haiyahusu mashirika ambayo shughuli yao kuu ni ibada au mafundisho ya dini.

Kutogawana faida si sawa na kutolipana. Mwanzilishi anaweza kupokea mshahara, mradi uwe malipo ya kazi inayojulikana na kiwango chake kiwe cha kadiri. Kisichofaa ni kuchota kinachobaki kila baada ya kuhesabu sadaka. Kwa sababu hiyo, ni vyema katiba ya shirika ieleze ni nani anayeajiri na ni nani anayepanga mishahara. Anayelipwa atoke kikaoni malipo yake yanapojadiliwa, na uamuzi uandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Chini ya Sura ya 108, hesabu za fedha huwasilishwa kwa wanachama katika mkutano mkuu angalau mara moja kwa mwaka.

Anayeajiriwa kwa miezi mitatu au zaidi anapaswa kupewa mkataba wa maandishi, kwa mujibu wa Sheria ya Uajiri ya 2007. Vilevile, hupewa taarifa ya malipo inayoonyesha mshahara na makato yake.

Makato yenyewe ni haya. Ushuru wa mapato hukatwa na kuwasilishwa kwa Mamlaka ya Ukusanyaji Ushuru (KRA) kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Hazina ya Taifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF) hupokea asilimia 6 kutoka kwa mfanyakazi na kiasi sawa na hicho kutoka kwa mwajiri, hadi kikomo kilichowekwa. Bima ya afya ya jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni asilimia 2.75 ya mshahara wa mfanyakazi. Ada ya nyumba za bei nafuu ni asilimia 1.5 kwa kila upande.

Kwa mfano, karani anayelipwa Sh30,000 hukatwa Sh1,800 za uzeeni, Sh825 za afya na Sh450 za nyumba, kabla ya ushuru wa mapato. Shirika nalo huongeza Sh2,250 kutoka mfuko wake. Hivyo basi, karani huyo hugharimu Sh32,250 kila mwezi, wala si Sh30,000.

Baadhi ya mashirika hukwepa hesabu hizi kwa kumpa mtumishi bahasha ya "shukrani" kila mwisho wa mwezi. Jina halibadilishi hali. Akifanya kazi kwa saa alizopangiwa, chini ya usimamizi na kwa malipo ya kawaida, anaweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa. Wa kujitolea hurudishiwa nauli na gharama alizotumia tu.

Hasara ya bahasha huwafika wote. Mtumishi huzeeka bila akiba, na madai huwaangukia viongozi, kwa kuwa chama cha Sura ya 108 hushtakiwa kupitia kwao. Shirika lisilomudu mishahara minne na makato yake ni heri liajiri mmoja, na kazi nyingine zifanywe na waumini wanaojitolea hadi mapato yatakapotengemaa.