Breki Kwenye Kona: Mwongozo kwa Wasafirishaji wa Pikipiki Mpakani Busia na Tororo

Samaki kutoka mwalo wa Majanji, trei za mayai, nyanya na marobota ya mitumba: bidhaa nyingi zinazoingia na kutoka katika masoko ya Buhehe, Busia na Malaba husafirishwa nyuma ya pikipiki. Kona moja iliyokatwa vibaya humpotezea mfanyabiashara mzigo wote, na mwendeshaji hubaki na pikipiki iliyovunjika ambayo pengine bado anailipia mkopo. Hiyo ni endapo amenusurika.

Bodaboda yenyewe ni mzaliwa wa Busia. Ilianza katika miaka ya 1960 kwa baiskeli zilizowavusha watu na mizigo kati ya vituo vya Uganda na Kenya, na jina likatokana na neno la Kiingereza la mpaka. Baiskeli ikisimama ghafla kwenye kona, aghalabu madhara ni michubuko. Pikipiki yenye magunia ni jambo lingine.

Msingi wa suala hili ni uwezo wa tairi kushika barabara. Uwezo huo ni kama mtaji mdogo: kiasi kinachotumika kukata kona hakipatikani tena kwa kufunga breki. Chukua kona ambayo duara lake lina nusu kipenyo cha mita 30. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kona hiyo peke yake inadai nguvu sawa na asilimia 42 ya uzito wa pikipiki na mzigo wake. Kwa kilomita 50 inadai asilimia 66, na kwa kilomita 60 asilimia 94. Tairi zuri kwenye lami kavu hutoa takriban asilimia 80. Lami ikilowa hushuka hadi 50 hivi, na changarawe iliyolegea hutoa chini ya hapo.

Kwa hiyo anayeingia kona hiyo kwa kilomita 50 wakati wa mvua ameshavuka kiwango kabla hata hajagusa breki. Aliye katika kilomita 40 bado ana akiba, lakini kidogo tu.

Ndiyo maana breki hufungwa kabla ya kona, pikipiki ikiwa imenyooka. Zitumike zote mbili, ya mkono na ya mguu, zikibanwa taratibu na kuongezwa nguvu. Madereva wengi huiogopa breki ya mbele na kutegemea ya mguu pekee. Ni kosa la gharama kubwa, kwa sababu pikipiki inapopunguza mwendo uzito huhamia mbele, na gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kusimamisha. Gia nayo ipunguzwe kabla ya kona, klachi iachiwe polepole. Ndani ya kona dereva atazame anakotokea, mafuta yakiwa kidogo na bila kubadilika.

Je, akigundua katikati ya kona kwamba mwendo umezidi? Kukamata breki ya mbele kwa nguvu huifanya pikipiki iinuke na kutoka nje ya mstari wake, mara nyingi kuelekea upande wa lori linalokuja, au gurudumu la mbele huteleza na kuanguka papo hapo. Kama kuna nafasi, ainyooshe pikipiki kwanza, kisha afunge breki. Kama hakuna nafasi, abane zote mbili kidogo kidogo. Gurudumu la nyuma likishateleza kando, kuachia breki ghafla hulifanya lishike tena kwa mshtuko na kumrusha dereva juu.

Mzigo hubadilisha hesabu. Magunia yakifungwa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hauitiki vizuri. Mzigo mzito ukae chini na karibu na dereva, ufungwe usiyumbe. Abiria alale na pikipiki, asijivute upande wa pili. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2015 zinaruhusu abiria mmoja tu.

Pikipiki nyingi za kazi mpakani zina breki za dramu, ambazo hupungua nguvu zikiingiwa na maji. Baada ya kuvuka dimbwi, breki zigusweguswe kidogo kwenye barabara iliyonyooka hadi zikauke. India, zinakotengenezwa Bajaj na TVS, ililazimisha kuanzia Aprili 2019 mfumo wa ABS kwa pikipiki zinazouzwa humo zenye injini ya zaidi ya sisi 125, na breki zilizounganishwa kwa zilizo chini yake. ABS ya kawaida hata hivyo haipimi ulalo wa pikipiki. Inayopima ilianza kuonekana 2013 kwenye KTM 1190 Adventure, ambayo bei yake hailipwi kwa kubeba nyanya.

Tahadhari ya mwisho ni dizeli inayodondoka kwenye foleni za malori kuelekea Busia na Malaba. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huieneza juu ya lami, na sehemu hizo huteleza kuliko zinavyoonekana.